Kwa Nini Waendesha Skuta wa Lipwele Huziuliza Sanamu Kama Zimelala

Kulikuwa na wakati barabara ya Lipwele haikuwa na kitu cha kutazama. Ninyi mnaoipita leo mkicheka mpaka mnashika mbavu hamtaamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilitoka Mkalango, juu uwandani, ikateremka hadi Lipwele imenyooka vilevile, mikorosho kushoto, mikorosho kulia, na vumbi jekundu katikati. Hakukuwa na fisi mwenye mwavuli. Hakukuwa na mbuzi aliyevaa miwani, wala mwanamke aliyepanda kobe, wala lile jitu la masufuria ambalo wageni husimama kupiga nalo picha. Mtu aliisafiri barabara yote, akifika akaulizwa ameona nini njiani, naye akajibu bila kusema uongo: mikorosho.

Si kwamba wachongaji hawakuwepo. Walikuwepo tele, na mikono yao ilikuwa hodari kama ya wajukuu wao. Ila siku hizo walichonga vinu, vigoda, miko na vifuniko vya mitungi. Sura ya mtu haikuchongwa mwenyewe akiwa hai. Ulikuwa mwiko. Mpaka mtu afariki, azikwe, na matanga yaondoke, ndipo fundi alipochukua gogo akamchonga marehemu kwa heshima zote, mdomo umefungwa, macho yametulia, kisha sanamu ikawekwa chumba cha ndani pasipoingia jua. Kwa hiyo kuiona sura ya mtu kwenye mti kulikuwa na maana moja tu. Mwenyewe hayupo.

Katika siku hizo aliishi Mkalango mwanamke mmoja mjane, jina lake Apolonia. Alikuwa mpishi wa harusi. Na ukisikia mpishi wa harusi, usimfikirie shangazi anayeitwa kusaidia kumenya vitunguu. Apolonia alikuwa ndiye harusi yenyewe. Kulikuwa na wazazi walioahirisha siku ya ndoa kwa sababu yeye ameshachukuliwa na watu wengine, na bwana harusi akanuna lakini akangoja, kwani hata yeye aliitaka ile pilau.

Zamani alipikia harusi za karibu tu, kule miguu yake ilikoweza kumfikisha. Kisha akanunua skuta. Ilikuwa ya kijani, kuukuu, yenye sauti kama mzee anayekohoa asubuhi, naye aliipenda kuliko hata alivyokuwa tayari kukiri. Nyuma alifunga masufuria yake makubwa, moja ndani ya jingine, na mwiko mrefu ukachomoza juu. Ukimwona kwa mbali ungedhani jiko la mtu limeamua kuhama. Kwa skuta hiyo alifika Lipwele, akafika ng'ambo ya Lipwele, akajulikana mpaka kwa watu ambao hakujua wanaishi wapi. Alipokuwa barabarani, upepo ukimpiga kifuani, hakuwa mjane wa mtu wala dada wa mtu. Alikuwa Apolonia, basi.

Tatizo lilikuwa safari ya kurudi. Chakula cha harusi hupikwa usiku kucha, na mpishi halali. Kukicha hupakua, na hapo pia halali. Shughuli ikiisha, anafunga vyombo vyake na kuondoka jua likiwa utosini, na mbele yake kuna barabara ile iliyonyooka, mikorosho kushoto, mikorosho kulia, na injini inayombembeleza kama mama anayebembeleza mtoto. Usingizi hauna adabu. Haukumpigia hodi.

Mara ya kwanza aliamkia mtaroni, masufuria yametawanyika, sketi imechanika. Nyumbani akasema amemkwepa mbwa. Mara ya pili aliuvaa mkorosho, bega likateguka na taa ya skuta ikapasuka. Akasema ni mbuzi. Watu wakampa pole, wakashangaa kimoyomoyo jinsi barabara ile ilivyokuwa na wanyama wengi kwa mtu mmoja tu. Lakini hakuna aliyesema kitu. Apolonia alikuwa na ulimi mkali, na kila mtu ana binti wa kuoza.

Kaka yake mkubwa, Longino, ndiye aliyejaribu. Alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka, asiyecheka bila sababu, na tangu mume wa dada yake afariki alijiona amebeba dhamana yake. Akaja jioni, akaketi, akakataa hata maji.

"Dada, sitaki maneno mengi," alisema. "Ukianguka tena, skuta naiuza. Utakaa kule kwangu barazani, utabangua korosho na wenzako. Sitaki kukuzika mimi."

"Ni mbuzi, kaka."

"Hata akiwa tembo. Ukianguka tena, naiuza."

Apolonia alijua kaka yake akitamka jambo limetamkwa. Alijiona yuko barazani, kibao mbele yake, korosho mkononi, akisikia ngoma za harusi za mbali zinazopikiwa na watu wasiojua kukaanga vitunguu. Bega lilimuuma, lakini hilo lilimuuma zaidi. Akaapa moyoni kwamba hatalala tena njiani. Na hapo ndipo ujinga wake ulipokuwa, maana hakuna mtu aliyewahi kulala njiani kwa kukusudia.

Sasa, Apolonia alikuwa na mtani. Ukoo wake na ukoo wa huyo mtani walitaniana tangu mababu walipogombea mzinga mmoja wa nyuki, nyuki wakawauma wote na asali akaila mtu mwingine. Na utani wa kule si mchezo wa midomo tu. Mtani hashtakiwi. Mtani hakasirikiwi, naye hana ruhusa ya kukasirika; ukitaniwa, unarudisha. Mtani ndiye anayekuambia ambalo ndugu zako wanalinong'ona nyuma ya mlango. Na siku ukifa, mtani ndiye anayechimba kaburi lako, ndiye anayelizuia jeneza lako mpaka apewe kuku, na ndiye anayeigiza mwendo wako mbele ya wafiwa mpaka wacheke huku machozi yanawatoka. Asiyesindikizwa kwa kicheko cha mtani, walisema, huko aendako hufika kama mgeni asiye na kwao.

Mtani huyo aliitwa Nalyambe. Alikuwa mchongaji, tena mchongaji mzuri, lakini mvivu wa kusifika. Kinu cha Nalyambe kilidumu vizazi viwili, ila ilibidi ukiagize ukiwa bado kijana. Alikuja kumjulia hali Apolonia, akasimama mlangoni na tumbo lake likiwa limeshatangulia kuingia.

"Mtani, pole. Nasikia umemkwepa mbuzi."

"Nimeshapoa."

"Huyo mbuzi namjua. Anaishi ndani ya kope zako."

Apolonia alimrushia mwiko kwa mkono mzima uliobaki. Nalyambe akainama, akacheka, akaenda zake. Lakini kupitia dirishani Apolonia alimwona akisimama kwenye skuta, akigusa ile taa iliyopasuka kwa ncha ya kidole. Alisimama pale kitambo kirefu kwa mtu ambaye hakuwa na kazi hapo, na wakati huo hakuwa anacheka.

Bega lilipopona, likaja jambo la harusi kubwa Lipwele. Apolonia alikwenda, akapika, akapakua, akasifiwa, akafunga masufuria yake. Alirudi siku ya Jumapili, jua likiwa kali. Alijipiga makofi mashavuni. Akaimba. Akatafuna tangawizi mbichi mpaka machozi yakamtoka. Kufika katikati ya njia kope zikaanza kuwa nzito kama zimewekewa mawe, na mikorosho ikaanza kuungana mmoja na mwingine, na ile sauti ya injini ikawa inatoka mbali, mbali sana.

Ndipo alipomwona mwanamke.

Alikuwa kando ya barabara, pale pale Apolonia alipouvaa mkorosho. Alikuwa juu ya skuta. Nyuma yake palikuwa na masufuria, moja ndani ya jingine, na mwiko umechomoza. Apolonia akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Alikitambua kwanza kile kilemba, fundo upande wa kushoto, kwa sababu hakuna mwingine aliyekifunga hivyo. Moyo ukamlipuka. Sura yake mwenyewe, kwenye mti! Alijiuliza amekufa lini, na mbona hakuna aliyemwambia. Akajifinya mkono. Ukauma.

Kisha akasogea, akatazama vizuri. Yule mwanamke wa mti alikuwa amelala fofofo. Kichwa kimeangukia begani. Mdomo umeachama kiasi cha kuingia chungwa. Kutoka pembe ya mdomo ulishuka udenda, umechongwa kwa ufundi, mnene kama kamba ya mbuzi, mpaka kifuani. Na juu ya mdomo wa juu walikuwa nzi wawili, wameketi, wanaongea.

Apolonia alisema tusi moja ambalo halitasimuliwa hapa. Halafu kicheko kikamjia kutoka tumboni, kikamshinda, akalazimika kushuka kwenye skuta na kuushika mkorosho. Kila alipojaribu kunyamaza aliwaona wale nzi. Alipopanda tena, usingizi ulikuwa umekwenda wote, hata hakukumbuka kwamba alikuwa nao. Aliendesha mpaka Mkalango macho makavu, akipanga maneno ya kumwambia Nalyambe.

Lakini hakuwa wa kwanza kupita pale. Asubuhi hiyo watu waliokuwa wakitoka kanisani walishaiona sanamu, wakaiona kwa mbali, na kwa adabu hawakusogea. Sura ya Apolonia kwenye mti, mahali pale pale pa ajali. Nani angehitaji kuambiwa zaidi? Walivua kofia, wakarudi mbio kutoa habari.

Kwa hiyo Apolonia alipokata kona ya nyumbani alikuta mikeka imetandikwa. Wanaume walikuwa wameketi kimya, kuni zimerundikwa, na wanawake wamejifunga kanga viunoni wakilia kwa zamu. Mmoja alikuwa akisema kwa sauti ya juu, "Nani atatupikia sasa, jamani, nani atatupikia!" Longino alikuwa ukutani, mikono kichwani, kamasi zikimtoka kama mtoto. Dada yake hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika mama yao.

Skuta ilikohoa, ikanyamaza. Vilio navyo vikanyamaza.

"Kafa nani?" Apolonia aliuliza.

Bibi mmoja mzee akafunika uso kwa kanga na kusema kwa sauti ndogo, "Wewe."

Wengine walikimbilia nyuma ya nyumba. Mmoja aliingia bandani kwa kuku na hakutoka mpaka jioni. Apolonia aliteremka, akatazama huku na huku, kisha pua yake ikashika harufu. Akaenda moja kwa moja mafigani, akafunua sufuria.

"Haya, mmefiwa, poleni," alisema. "Lakini wali huu unaungua."

Hapo ndipo walipojua ni mzima. Longino alikuja akamshika mabega yote mawili, hata lile lililoteguka, akamtazama usoni. Kisha huzuni yake yote ikageuka hasira, kama ilivyo kawaida ya wanaume wa namna yake, na hasira hiyo ikaenda kumtafuta Nalyambe.

Baraza lilikaa kesho yake. Longino alisimama, akasema kwamba Nalyambe amevunja mwiko wa mababu. Amemchonga mtu hai, naye mtu hai aliyechongwa ameitiwa kifo. Alitaka sanamu ichomwe, Nalyambe asiguse patasi tena, na skuta iuzwe siku hiyohiyo, maana bila skuta haya yote yasingetokea. Watu wengi walitikisa vichwa kukubali. Apolonia aliketi upande wa wanawake, mikono mapajani, na alipolisikia lile neno kuuzwa, akakiona tena kile kibao cha korosho.

Mzee wa baraza akamuuliza Nalyambe ana la kusema.

"Ninalo," Nalyambe alisema, bila haraka ya kusimama. "Mnajua nyote kwamba mimi ni mvivu. Sikatai. Sasa niulizeni: huyu mama akifa, nani anachimba kaburi lake?"

"Wewe," walijibu.

"Mimi. Na mtazameni alivyo. Hilo si kaburi, ni kisima!" Watu wakaguna, wengine wakaziba midomo. Apolonia alikunja ngumi, lakini hana ruhusa ya kukasirika. "Huyu mama analala akiendesha. Ninyi nyote mnajua. Longino anajua. Mnauogopa ulimi wake, mnaiogopa pilau isije ikawapita. Mimi simwogopi, mimi ni mtani wake. Nikasema, nikimwambia kwa mdomo atanirushia mwiko. Na kweli alinirushia. Basi nimemwambia kwa gogo." Akakuna shingo. Sauti aliyotoka nayo baadaye ilikuwa nyingine. "Sitaki kumchimbia kaburi. Basi. Mchome gogo lenu, lakini sitaki."

Mzee wa baraza akamgeukia Apolonia.

"Mama, mbele ya watu wote. Unalala?"

Apolonia alimtazama kaka yake, akamtazama Nalyambe, akawatazama majirani zake waliomlilia jana. Alikuwa na mbwa tayari, na mbuzi tayari, na kama angetaka angepata hata nyati. Lakini alikumbuka kilio cha Longino ukutani.

"Nalala," alisema. "Huwa najua nimelala nikishaamkia mtaroni. Jana nilikuwa nimeshaanza. Nilipoona ule mdomo, ndipo nikaamka."

Wazee waliteta wao kwa wao. Kisha mzee wa baraza akasema kwamba kesi ya mtani haina faini tangu dunia iumbwe, nao hawataianzisha leo. Mtani hujibiwa na mtani. Sanamu itabaki, Apolonia naye atairudishia, na skuta itabaki maadamu mwenyewe yu macho.

"Na mwiko je?" Longino akauliza. "Sura ya mtu hai?"

"Tutaona kama atakufa," mzee akajibu. "Kila mtu atakufa, Longino. Kwa hiyo tusiwe na papara."

Apolonia hakujua kuchonga. Alijua kupika, basi akajibu kwa vyombo vya kazi yake. Alichukua sufuria lake kubwa lililotoboka, lile la kupikia watu mia, akaligeuza kuwa tumbo. Sufuria dogo jeusi la masizi likawa kichwa, pawa mbili za kuchotea mchuzi zikawa mikono, mafiga yakawa miguu. Mkononi akamwekea patasi, na juu ya patasi akaweka kiota cha ndege, kuonyesha muda ambao patasi ile haijatikisika. Akalisimamisha jitu hilo kando ya barabara, likamtazama yule mwanamke wa udenda. Nalyambe alipoliona aliketi chini vumbini akacheka mpaka akaomba maji.

Kisha akarudisha. Siku Apolonia alipotoka kwenye harusi iliyofuata alimkuta mwanamke wa mti aliyepanda kobe, kobe ameshika kichwa kwa kuchoshwa na uzito. Safari nyingine alikuwa jogoo aliyejifunga kilemba, fundo upande wa kushoto. Safari nyingine ni simba mwenye kitambaa kifuani, anamngoja mpishi aliyechelewa. Wala Nalyambe hakuziweka mahali pamoja. Mara mwanzo wa njia, mara mwisho, mara juu kwenye tawi, mara chini kwenye nyasi ambapo kilionekana kisigino tu na ilibidi usogee. Apolonia hakujua lini wala wapi. Aliendesha shingo imenyooka na macho yakichakura kila shina, maana kuipita sanamu bila kuiona kulikuwa kushindwa, na kushindwa na Nalyambe hakukuvumilika.

Hakuanguka tena. Naye hakufa, pamoja na kuchongwa mara zote hizo, na mwiko ukaanza kulegea kidogo kidogo kama fundo la kamba chakavu. Watu wengine nao walikuwa na watani wao. Mwalimu akajikuta ni mbuzi mwenye miwani. Diwani mmoja aliyekuwa akiahidi mvua akawekwa pale akiwa fisi mwenye mwavuli. Longino mwenyewe alichongwa na mtani wake akiwa konokono aliyebeba mlango na kufuli lake, asije mtu wa kwake akatoka, naye alikwenda kuitazama jioni moja pasipo na watu, akafikiri hakuna aliyemwona akitabasamu. Skuta ziliongezeka barabarani. Waliobebwa nyuma walishindana nani ataona sanamu mpya kwanza, na aliyeona alimpiga dereva kofi la mgongo, na dereva akapunguza mwendo.

Miaka ilipita hivyo, na mtu angeweza kusema ilipita vizuri. Kisha msimu mmoja wa masika Nalyambe akashikwa na kifua, na kifua hakikumwachia.

Apolonia alipata habari akiwa Lipwele, mwiko mkononi. Alimalizia kupakua kwa sababu watu walikuwa wanangoja, halafu akaondoka bila kufunga vyombo. Njiani hakusinzia, lakini hakuziona sanamu pia. Machozi yalimzuia. Ile safu ya sanamu alizozizoea ikawa vivuli tu vinavyopita.

Msibani walimpisha njia. Wafiwa walikuwa wamechoka kulia, nao walikuwa wanamngoja yeye, maana kazi iliyobaki ilikuwa yake. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mtani, mwenzio anaondoka. Tuonyeshe alivyotembea."

Apolonia akasimama katikati. Akalitoa tumbo mbele kama Nalyambe, akaweka mkono nyuma kiunoni. Akapiga hatua moja. Akafungua mdomo aseme lolote, hata tusi dogo tu, na kilichotoka kilikuwa kilio. Alilia kama mjane. Alilia mpaka akakaa chini.

Wanawake walimshika, lakini watu walitazamana. Mtani halii. Mtani akilia, nani anacheka? Mke wa Nalyambe, ambaye siku zote alikuwa mpole, alimwinamia akamwambia sikioni, "Dada, usiniache nimzike hivi. Atafikaje huko kimyakimya, na alivyokuwa?"

Walilibeba jeneza. Makaburi yalikuwa mbele, kando ya barabara ile ile. Apolonia akajifuta uso kwa kanga, akainuka, akaiwasha skuta. Hakuna aliyemkataza. Akatangulia mbele ya jeneza taratibu, miguu ikiburuza vumbini, hajui bado atafanya nini.

Akafika kwa yule mwanamke wa kwanza, yule wa udenda na nzi. Jua na mvua vilikuwa vimempasua shavu, lakini mdomo ulikuwa ule ule. Apolonia akasimama mbele yake. Waliobeba jeneza nao wakasimama. Akapiga honi, kwa nguvu, mara mbili.

"Wewe!" akamfokea. "Fundi wako anapita, umelala?"

Kicheko kimoja kilitoka nyuma, cha mtu ambaye hakukusudia. Kikazibwa. Apolonia akasogea kwa yule wa kobe. "Na wewe? Umelala? Amka umpishe, huyu ni mzito kuliko mimi!" Sasa vikawa vicheko vingi. Alipofika kwa lile jitu la masufuria alilipigia honi mpaka ndege wakaruka, akalitukana tumbo lake, uvivu wake, patasi yake na kiota chake, na waliobeba jeneza wakalazimika kulishusha kidogo kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka kwa kucheka. Mke wa Nalyambe alicheka huku amejishika kifua. Longino alicheka, mchana kweupe, mbele za watu. Wakaenda hivyo sanamu kwa sanamu mpaka makaburini, na hakukuwahi kuwa na maziko ya namna ile.

Kaburi lilipofukiwa, Apolonia akasimama kichwani pake.

"Mtani," alisema, "miaka yote hiyo umenikataza kulala njiani. Haya, leo nani kalala?"

Walicheka tena, wengine wakalia. Lakini waliokuwa karibu walimsikia akiongeza kitu kwa sauti ndogo, kisichokuwa cha utani.

"Lala tu. Mimi niko macho."

Na tangu siku hiyo, barabara ya Lipwele haijawahi kukosa sanamu, kwa kuwa kila mwenye mtani humwekea yake, na sura ya mtu hai si mwiko tena. Na tangu siku hiyo, mtu akipita pale kwa skuta na kuiona sanamu, hupunguza mwendo, hupiga honi mara mbili na kuuliza, "Umelala?" Aliyepakiwa nyuma huijibia sanamu kwa sauti, "Niko macho!" Na anayesafiri peke yake, kama alivyosafiri Apolonia mpaka uzeeni, hujiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akaendelea na safari.